Kompaila na Mbio za Sataranji



Mwaka 1952, huko Uingereza, Alan Turing alicheza sataranji na Alick Glennie. Turing alifuata kanuni ambazo yeye na David Champernowne walizitunga mwaka 1948, akizipigia hesabu kwa karatasi, kiasi cha nusu saa kila hatua. Kanuni zilishindwa katika hatua ya 29. Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi ananivutia zaidi Glennie, maana mwaka huohuo aliandika Autocode, mojawapo ya kompaila za kwanza, yaani programu inayofasiri maandishi ya mtu kuwa amri za mashine.

Je, mfasiri huyo angeweza kumfikia fundi aandikaye amri za mashine kwa mkono wake? John Backus, kiongozi wa kazi ya Fortran iliyotolewa na IBM mwaka 1957, alihofu kwamba ikiwa kazi ya kompaila itakwenda nusu tu ya mwendo, watu wataikataa. Wana sataranji walikuwa na hofu zaidi. Mchezaji huwa na njia 30 hivi za kusogeza kete. Kutazama hatua moja zaidi mbele huzidisha kazi mara nyingi. Ndiyo maana Mac Hack ya Richard Greenblatt, mwaka 1967, iliandikwa kwa lugha ya mashine. Hata Cray Blitz, bingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1983 na 1986, ilichanganya Fortran na lugha ya mashine.

Leo Stockfish, iliyoanza mwaka 2008, huandikwa kwa C++, na mtu aweza kuifasiri kwa GCC au Clang akazishindanisha. Ina amri iitwayo bench, inayochunguza mikao ileile ya kete na kutoa idadi ya mikao iliyopitiwa pamoja na muda. Idadi lazima ilingane. Ikitofautiana, si programu ileile tena, na kasi haina maana. (Wengi huitazama kasi peke yake!) Tena kuna ufundi wa kuiendesha programu kwanza, kuandika njia zinazopitwa sana, kisha kuifasiri upya. Sisi wa masijala twaujua: faili linaloombwa kila siku halirudishwi kabatini.

Vijana, Stockfish ni ya bure. Tumieni mashine moja, rudieni mara tano, kwa kuwa joto na kazi nyingine hubadili muda, na andikeni idadi ya mikao kabla ya kasi.