Julie Dash na Kipimo cha Kumbi za Sinema

Maandishi mengi kuhusu Julie Dash huanza kwa sifa na kuishia kwa rambirambi. Sifa ni kwamba Daughters of the Dust (1991) ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa kibiashara katika kumbi za sinema za Marekani. Rambirambi ni kwamba baada ya hapo alinyamaza. Hiyo ya pili naikataa. Ya kwanza naipokea kwa masharti. Kathleen Collins, naye mwongozaji mwanamke Mmarekani mweusi, alikwisha kukamilisha Losing Ground mwaka 1982, ila hakupata msambazaji. Filamu hiyo iliingia kumbini mwaka 2015, miaka 27 baada ya yeye kufariki. Ukumbi ukiwa ndio kipimo, Collins anafutika na Dash anabaki mtu wa kazi moja.

Dash alikuwa ameshalitazama kwa kina tatizo hili la kazi isiyoonekana. Mwaka uleule wa 1982 alitoa Illusions, filamu ya dakika 34 isiyo ya rangi, inayohusu Hollywood ya 1942. Mignon Dupree, ofisa wa studio, ni mweusi ambaye kwa weupe wa ngozi yake wenzake humdhania mzungu. Katika filamu moja ya studio hiyo, wimbo haulingani na midomo ya nyota wa kizungu. Basi anaitwa Ester Jeter, mwimbaji mweusi. Anasimama mbele ya kipaza sauti, macho kwenye skrini, akivizia midomo ya mwenzake ifunguke ili aitie sauti. Atalipwa, lakini makofi yatakwenda kwa mwingine. Tena sauti tunayoisikia sisi si ya mwigizaji aliyesimama pale; ni ya Ella Fitzgerald. Wapo wahakiki wanaoona hapo Dash amejikanganya. Kwangu hapo ndipo penye ukali wa filamu: tunafurahia hila ileile inayofichuliwa mbele yetu.

Miaka iliyofuata Daughters of the Dust inafaa kusomwa kwa jicho hilo. Mwaka 1999 aliongoza filamu za runinga Funny Valentines na Incognito, kisha Love Song (2000). The Rosa Parks Story, iliyorushwa na CBS mwaka 2002, ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Chama cha Waongozaji cha Marekani. Mtazamaji wa runinga alimjua Angela Bassett aliyeigiza. Nani aliyeongoza, hakuuliza. Mwaka 2017 Dash aliongoza vipindi vya mfululizo wa runinga Queen Sugar. Kazi ilikuwapo muda wote huo, kama ya Jeter.

Nitajibiwa kwamba Dash mwenyewe amelalamikia milango ya studio. Ni haki yake, na sitetei studio hizo. Lakini bajeti ya Daughters of the Dust ilikuwa takriban dola 800,000, na sehemu kubwa ilitoka American Playhouse, mfululizo wa runinga ya umma. Filamu hiyohiyo wanayoitumia kumpimia imelelewa na runinga. Kushuka kutoka sinema hadi runinga, basi, hakukutokea kamwe katika maisha yake ya kazi.