Nani Aliivua Koseti ya Paris?

Mwaka 1909 Sergei Diaghilev aliwaleta wachezaji wa baleti kutoka Urusi hadi ukumbi wa Châtelet, Paris. Mwaka uliofuata wakaonyesha Schéhérazade, kisa kilichochotwa katika Alfu Lela Ulela. Wake wa matajiri waliokaa viti vya mbele, tunaambiwa, waliyaona maleba yaliyobuniwa na Léon Bakst, wakarudi nyumbani, wakazitupa koseti zao na kuagiza vilemba na suruali pana. Na tangu usiku huo kiuno cha mwanamke wa Ulaya kikapumua. Simulizi hiyo ni tamu, na ina chembe ya ukweli, ila mkia wake umewekwa mahali pa kichwa. Koseti ilikwisha kuanza kulegea kabla Mrusi yeyote hajafungua sanduku lake la maleba. Kazi ya maleba hayo ilikuwa nyingine, nami naiona kubwa zaidi: yaliwapa watu ruhusa ya kuvaa hadharani nguo ambazo mafundi wachache walikuwa wamekwisha kuzikata na kuzishona.

Tuanze na tarehe, maana hazina upendeleo. Koseti ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa vazi la ndani lililotiwa vijiti vya chuma au vya mfupa wa nyangumi, likafungwa kwa kamba mgongoni hadi kifua kisukumwe mbele na makalio yabaki nyuma. Paul Poiret, aliyefungua duka lake la ushonaji mjini Paris mwaka 1903, alikuwa anashona magauni yanayoning'inia kutoka chini ya kifua bila kukibana kiuno kufikia mwaka 1906, na mwaka 1908 alichapisha kitabu cha picha za magauni hayo zilizochorwa na Paul Iribe. Kule Venice, Mariano Fortuny alikuwa ameanza kutengeneza gauni la hariri lenye marinda membamba kama nyuzi, linaloufuata mwili ulivyo. Hata jukwaa lenyewe lilikuwa mwanafunzi. Mwishoni mwa 1904 Mmarekani Isadora Duncan alicheza St Petersburg miguu mitupu, amevaa kitambaa chepesi cha mtindo wa Kiyunani, na miongoni mwa waliomtazama alikuwamo Michel Fokine, ambaye baadaye ndiye aliyetunga hatua za Schéhérazade. Kwa hiyo anayesema baleti ilimfungulia mwanamke kamba za mgongoni amempa sifa mpigaji zumari aliyeikuta ngoma imekwisha kuanza.

Basi Bakst alileta nini? Alileta rangi. Nguo za heshima za Paris wakati ule zilikuwa za rangi zilizopauka: waridi hafifu, kijivu cha njiwa, urujuani uliofifia kama uliofuliwa mara mia. Bakst aliweka kijani cha zumaridi ubavuni mwa buluu, akawasha rangi ya chungwa kati yao, kisha akawaingiza humo wachezaji waliovaa suruali nyepesi, lulu na zari. Ukilisogelea vazi la namna hiyo hadi pua iguse kitambaa, utashangaa jinsi lilivyo la kienyeji. Mapambo mengine yamepakwa kwa brashi juu ya nguo, mengine ni vipande vya kitambaa vilivyokatwa na kushonelewa kwa mishono mirefu ya haraka, na kinachong'aa kama dhahabu ni bati. Fundi wa magauni ya Paris angefukuzwa kazi kwa mshono kama huo. Lakini vazi la jukwaani hushonewa jicho la aliye mbali, chini ya taa, na sharti liseme kabla mchezaji hajainua mkono. Ndiyo maana rangi zilivuka hadi madukani kirahisi kuliko mikato: rangi huonekana hata kutoka kiti cha mwisho.

Poiret mwenyewe, katika kumbukumbu zake, alikataa katakata kwamba alimwiga Bakst, akidai kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana. Msomaji anaweza kusema huyo ni fundi mwenye kiburi anayelinda duka lake. Kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha, lakini katika suala la mkato wa gauni tarehe ziko upande wake. Kinachomponza ni mambo aliyoyafanya baadaye. Tarehe 24 Juni 1911, mwaka mmoja tu baada ya Schéhérazade, aliandaa karamu aliyoiita usiku wa elfu moja na mbili. Wageni 300 walitakiwa kuvaa Kiajemi, na aliyekuja vinginevyo alipewa chaguo la kubadili nguo au kuondoka. Mkewe Denise aliketi ndani ya tundu la dhahabu, amevaa suruali pana na kanzu fupi iliyotanuliwa kwa waya chini kama kivuli cha taa. Mwaka 1913 kanzu hiyo ikawa bidhaa. Mkato ulikuwa wake, sina shaka. Ujasiri wa kuuza kilemba na suruali kwa mke wa mwenye benki ulitoka ukumbini.

Ruhusa hiyo haikumfikia kila mtu. Mwaka huohuo wa 1911 wanawake waliojitokeza na suruali za namna hiyo kwenye mashindano ya farasi walizomewa. Nchini Urusi, mchezaji wa Diaghilev, Vaslav Nijinsky, alifukuzwa kutoka baleti ya kifalme kwa kucheza Giselle akiwa na taiti bila kaptura ya heshima juu yake, ilhali vazi hilo lilikuwa limepita Paris bila tatizo. Na hapa msomaji wa pwani ana haki ya kutabasamu. Suruali ya kike iliyoitwa fedheha ilikuwa vazi la kawaida kwa mabibi wa Unguja, suruali za marinda chini ya kanzu, na Emily Ruete, yaani Sayyida Salme, binti wa Sultani Saidi wa Unguja, alikuwa ameyaeleza mavazi hayo katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Mashariki ya Bakst ilikuwa ya kubuni; suruali yenyewe ilikuwa na wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya watu mia chache wenye tiketi, na kwamba kilichombadilishia mavazi mwanamke wa kawaida ni vita vya 1914. Kuhusu koseti nawakubalia kwa kiasi kikubwa. Huwezi kufanya kazi katika kiwanda cha mizinga ukiwa umefungwa kamba mgongoni. Lakini anasa haikubaki ukumbini. Kuanzia 1912 jarida la Gazette du Bon Ton lilisambaza picha za mitindo zilizotiwa rangi kwa mkono, nyingine za Bakst mwenyewe, na Bakst huyohuyo alibuni magauni yaliyoshonwa na nyumba ya Jeanne Paquin kwa ajili ya kuvaliwa mchana kweupe.

Kisha deni likarudi. Mwaka 1924 Diaghilev aliweka jukwaani Le Train Bleu, baleti ya watu walio likizo ufukweni, na kazi ya mavazi akampa Coco Chanel. Chanel hakubuni maleba, alitoa nguo. Waogeleaji walivaa suti za kuogelea za sufu ya kufuma, mcheza tenisi alivaa kama mcheza tenisi. Mchezaji Lydia Sokolova alitiwa masikioni hereni kubwa za lulu bandia, naye akaja kusimulia kwamba zilimzuia kuusikia muziki vizuri. Kwa mizani ya baleti hilo ni kosa la wazi, na sidhani Bakst angelifanya: alijua kwamba aliyevaa ana kazi ya kucheza. Kufikia hapo duka halikuhitaji tena ruhusa ya jukwaa, na jukwaa ndilo lililokuwa likiomba kuonekana la kisasa.

Diaghilev alikufa mwaka 1929, na masanduku ya maleba yakaishia ghalani. Mwaka 1968 maleba yakaanza kupigwa mnada London, na leo mengi yako katika makumbusho ya London na Canberra, yangali na madoa ya jasho na ya vipodozi kwenye kola.