Lenzi ya vioo, kilima cha Observatory, na nani anaruhusiwa kutazama mbali

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zilinikamata wiki tatu mfululizo, na nesi akitoka zamu ya usiku hana la kuandika, ana la kulala tu. Leo niko mapumziko, chai iko mezani, basi niwasimulie.

Mwezi uliopita nilinunua lenzi. Ndugu zangu wa Korogwe msinune, hela ya bati nilishatuma. Ni lenzi ya mtumba ya milimita 500, ya Kirusi, fupi na nene kama kopo la maziwa ya unga. Ukisikia milimita 500 utafikiria yale mabomba marefu ya wapiga picha wa mpira. Hii siyo hivyo. Nuru inaingia mbele, inagonga kioo kikubwa cha nyuma, inarudi mbele kwenye kioo kidogo kilichokaa katikati, kisha inapita kwenye tundu hadi ndani ya kamera. Safari ndefu imekunjwa mara tatu, kama kanga ndani ya sanduku.

Hiki kitu kina historia ndefu, na sehemu yake moja iko hapa hapa kwetu Johannesburg.

Isaac Newton alitengeneza darubini ya kioo mwaka 1668, na mwaka 1672 ukachapishwa mpango wa Mfaransa Laurent Cassegrain wa kukunja nuru kwa vioo viwili. Shida ilikuwa picha kuharibika pembeni. Mwaka 1930 Bernhard Schmidt, mzaliwa wa Estonia aliyekuwa akifanya kazi Hamburg, aliweka kipande chembamba cha kioo angavu mbele ya darubini kusahihisha kasoro hiyo. Kama nesi sikuweza kupita hapa bila kusimama: Schmidt alipoteza mkono wa kulia akiwa kijana, alipokuwa akichezea baruti. Vioo vile alivisugua kwa mkono mmoja.

Agosti 1941, Dmitri Maksutov akihamishwa kutoka Leningrad kwa sababu ya vita, alibuni njia rahisi zaidi: kioo kinene kilichobinuka kama bakuli. Kutoka kwenye wazo hilo zikazaliwa lenzi za kamera zilizoitwa MTO, ambazo mwaka 1958 zilipata tuzo kubwa kwenye maonesho ya dunia ya Brussels. Hiyo yangu ni mjukuu wao.

Sasa turudi Jozi. Mashariki ya Hillbrow kuna mtaa unaitwa Observatory, na juu ya kilima chake kuna majengo ya kituo cha nyota. Kilianza mwaka 1903 kama kituo cha hali ya hewa, kikiongozwa na Robert Innes, Mskoti aliyeacha shule akiwa na miaka 12 na aliyewahi kuuza mvinyo Sydney. Mwaka 1915 alichukua picha mbili za sehemu moja ya anga, moja ya mwaka 1910 na nyingine ya mwaka ule ule wa 1915, akazitazama kwa chombo kinachozibadilisha moja baada ya nyingine haraka haraka. Nyota zote zikatulia, isipokuwa kinyota kimoja hafifu kilichorukaruka. Ndiyo Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha jua, umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi.

Kwa miaka mitano kilikuwa kimesogea kiasi cha sehemu moja ya mia ya upana wa mwezi. Kwa picha moja usingejua kitu. Wodini tunalijua hilo: kipimo kimoja cha presha hakisemi sana, mpaka ukiweke kando ya cha jana.

Niseme ukweli, kamera iliyopiga picha zile ilikuwa ya lenzi, siyo ya vioo. Kioo kikubwa kilikuwa Pretoria, kwenye kituo cha Radcliffe, upana wa sentimita 188 hivi, kilichoanza kazi mwaka 1948. Lakini taa za miji zilizidi kung'aa. Mwaka 1972 vituo vikuu vya nchi viliunganishwa, na darubini ya Pretoria ikahamishiwa Sutherland, kwenye nyika ya Karoo. Huko huko mwaka 2005 ilizinduliwa SALT, darubini yenye vipande 91 vya kioo.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Mwaka 1915 Innes akitazama nyota, mimi ningekuwa wapi? Cecilia Makiwane alikuwa ameshasajiliwa mwaka 1908, nesi wa kwanza Mwafrika mwenye usajili nchini humu. Lakini mtu mweusi kutembea mjini usiku alihitaji kibali. Sheria za vipande zilifutwa mwaka 1986 tu. Kupiga picha magereza kulikatazwa na sheria ya mwaka 1959, na ya mwaka 1980 ikayalinda majengo yaliyoitwa nyeti. Mnara wa Hillbrow, wenye mita 269, ulifungiwa wageni mwaka 1981 kwa sababu za usalama. Peter Magubane alificha kamera ndani ya mkate ili apate picha zake. Kwa hiyo kutazama mbali hakukuwa kwa kila mtu.

Wiki iliyopita nilipanda kwenye kilima kile jioni, nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikaelekeza Hillbrow. Akaja mlinzi, tochi usoni. Akaniuliza kwa Kiingereza ninapeleleza nini, na kitambulisho kiko wapi. Wadau, kwa mgeni wa mji huu swali hilo linaingia tumboni moja kwa moja. Nilitoa kitambulisho mikono ikitetemeka. Akasoma jina, akanitazama.

"Dada, weye ni wa wapi?"

Mtu wa Bukavu! Na yeye aliulizwa kitambulisho asubuhi ile ile, kwenye foleni ya kliniki. Tukacheka, ingawa hakuna aliyeona kinachochekesha.

Nikageuza lenzi kwenye mwezi, akainama kutazama. Kwenye milimita 500 mwezi ni milimita nne na nusu hivi tu ndani ya kamera, lakini mashimo yake yanaonekana. Alikaa pale muda mrefu, tochi imezimwa.

Mkipata lenzi kama hii, shikeni haya: haina kipenyo cha kurekebisha nuru, inatetemeka kwa upepo mdogo, taa za nyuma hutoka kama maandazi yenye tundu, na kamwe usiielekeze kwenye jua, utapofuka.

Picha ya mnara ilitoka na ukungu. Nitarudi mwakani, siku ile ile na mahali pale pale, nipige tena, kisha niziweke kando kwa kando kama Innes. Yule kaka amesema kama bado yuko kazini, atanishikia tochi.

Haya, maji ya moto yamechemka, kesho zamu ya mchana. Tuombeane uzima.