Faith Kipyegon: Malkia wa mita 1,500 aliyetokea Keringet

FAITH Chepngetich Kipyegon, mtimkaji aliyeweka historia ya kunyakua nishani tatu za dhahabu mfululizo katika mbio za mita 1,500 za Olimpiki, alizaliwa Januari 10, 1994, akiwa mtoto wa nane katika familia ya watoto tisa. Alilelewa shambani katika eneo la Keringet, Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru.

Msafiri anayetoka mjini Molo kuelekea Olenguruone hupita Keringet akiwa kati ya mashamba ya viazi na majani chai, msitu wa Mau ukiwa haupo mbali na baridi ikiwa haina msimu. Kwa miaka mingi jina la Kuresoi lilifahamika kwa wasomaji wa magazeti kutokana na habari za mapigano ya kikabila, ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi mkuu wa 2007. Leo hii likitajwa ng'ambo, aghalabu hutajwa pamoja na jina la mwanamke huyu mwenye umbo dogo ambaye urefu wake haufiki sentimita 160.

Babake alikuwa mkimbiaji wa mita 400 na 800 enzi za ujana wake. Dadake, Beatrice Mutai, naye ni mwanariadha. Hata hivyo, mchezo wa kwanza aliouenzi Kipyegon ulikuwa kandanda. Alipokuwa na umri wa miaka 14, mwalimu aliwapanga wanafunzi wakimbie kilomita moja katika kipindi cha mazoezi ya viungo, naye akawaacha wenzake kwa takriban mita 20. Baada ya siku hiyo, mpira ulibaki kuwa wa kujifurahisha.

Miaka miwili baadaye, mnamo 2010, alikuwa Bydgoszcz nchini Poland katika Mbio za Nyika za Dunia, ambako alimaliza wa nne kwa chipukizi. Alikimbia miguu mitupu. Mwaka uliofuata, mjini Punta Umbria, Uhispania, alikimbia tena bila viatu na safari hii akatwaa taji. Mwaka huo huo wa 2011 aliibuka bingwa wa dunia wa mita 1,500 kwa vijana jijini Lille, Ufaransa, kisha mwaka 2012 akanyakua ubingwa wa dunia wa chipukizi jijini Barcelona. Aliporejea Bydgoszcz mwaka 2013, alishinda mbio za nyika za chipukizi kwa mara ya pili.

Si kila chipukizi wa Kenya anayetamba hivyo huvuka salama hadi ngazi ya watu wazima. Orodha ya waliopotelea njiani ni ndefu, na Kipyegon mwenyewe alionja ugumu huo mapema: katika Olimpiki za London 2012, akiwa na miaka 18, aling'olewa kwenye mchujo. Alimaliza wa tano katika Riadha za Dunia za Moscow mwaka 2013, kisha mwaka 2014 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Mwaka huo pia alikuwa pamoja na Mercy Cherono, Irene Jelagat na Hellen Obiri walipoweka rekodi ya dunia ya mbio za kupokezana vijiti za mita 1,500 mara nne nchini Bahamas, ya dakika 16:33.58.

Wakati huo mbio za mita 1,500 zilikuwa himaya ya Genzebe Dibaba wa Ethiopia. Julai 2015, jijini Monaco, Dibaba alitimka kwa dakika 3:50.07 na kufuta rekodi ya dakika 3:50.46 ambayo Qu Yunxia wa China aliiweka jijini Beijing mnamo Septemba 1993. Mwezi mmoja baadaye, jijini Beijing kwenyewe, Dibaba alimpiku Kipyegon na kumwachia nishani ya fedha ya Riadha za Dunia.

Marudiano yalikuja Rio de Janeiro mwaka 2016. Fainali ilianza kwa mwendo wa kobe, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Dibaba alifyatuka ikiwa imesalia mizunguko isiyofika miwili. Kipyegon alimfuata unyounyo, akamwacha ajichoshe mbele, kisha akampita katika mita za mwisho na kushinda kwa dakika 4:08.92. Ulikuwa muda wa kawaida mno kwa wanariadha wa kiwango hicho, lakini dhahabu haipimwi kwa saa. Kabla yake ni Nancy Jebet Langat pekee, mshindi wa Beijing 2008, aliyewahi kuiletea Kenya dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo kwa upande wa wanawake. Mwaka 2017 Kipyegon aliongeza taji la dunia jijini London.

Ndipo akasimama. Mnamo Juni 2018 alijifungua binti kwa njia ya upasuaji wa dharura. Mumewe, Timothy Kitum, naye ni mwanariadha, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za London 2012. Kwa muda mrefu Kipyegon hakushiriki mashindano. Misuli ya tumbo iliyopasuliwa huhitaji muda kabla ya kuustahimili mkimbio wa kasi, na aghalabu mwanariadha hulazimika kuanza kwa kutembea. Yapo mambo mengine ambayo takwimu hazionyeshi: usingizi uliokatizwa, kunyonyesha, na uamuzi wa kumwacha mtoto nyumbani ili kuishi kambini. Wapo mabingwa wengi wa kike katika nchi hii ambao uzazi ulikuwa mwisho wa taaluma yao, na wakati huo haikuwa ajabu kusikia mashabiki wakimhesabu Kipyegon miongoni mwao.

Alirejea kikamilifu Juni 2019 kwa kushinda mbio za Prefontaine Classic zilizoandaliwa Stanford, Marekani. Miezi michache baadaye jijini Doha alitwaa fedha ya dunia kwa dakika 3:54.22, rekodi mpya ya Kenya, nyuma ya Sifan Hassan wa Uholanzi. Kwa maneno mengine, mama huyu alikuwa tayari ana kasi kuliko yule msichana wa Rio.

Katika kipindi hicho alikuwa amejiunga na kambi ya Kaptagat, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, chini ya kocha Patrick Sang, mshindi wa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki za 1992 na mlezi wa Eliud Kipchoge. Wakazi wa Nakuru hupenda kumwita wao, na wana haki, ila ukweli ni kwamba mazoezi yaliyomjenga upya yamefanyika nje ya kaunti yao.

Agosti 6, 2021, katika Olimpiki za Tokyo, Hassan aliongoza sehemu kubwa ya fainali huku Kipyegon akiwa kisogoni pake. Kwenye kona ya mwisho Mkenya huyo alimpita na kutwaa dhahabu kwa dakika 3:53.11, rekodi mpya ya Olimpiki. Laura Muir wa Uingereza alitwaa fedha na Hassan shaba. Mwaka 2022 Kipyegon alishinda taji la dunia Eugene, Marekani, kisha akakosa rekodi ya Dibaba kwa sekunde 0.30 pekee jijini Monaco.

Mwaka 2023 unastahili kutajwa peke yake. Juni 2, mjini Florence, Italia, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:49.11 na kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Wiki moja baadaye jijini Paris aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000, dakika 14:05.20, katika mbio ambazo hakuwa mzoefu wazo. Julai 21 jijini Monaco aliikata rekodi ya maili moja kutoka dakika 4:12.33 hadi 4:07.64, karibu sekunde tano nzima. Agosti jijini Budapest alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 kwa pamoja. Rekodi ya mita 5,000 haikudumu; Gudaf Tsegay wa Ethiopia aliivunja mwezi Septemba kwa dakika 14:00.21.

Msimu wa 2024 ulichelewa kuanza kwa sababu ya jeraha. Hata hivyo, Julai 7 jijini Paris aliboresha rekodi yake ya mita 1,500 hadi dakika 3:49.04. Mwezi uliofuata, katika jiji hilo hilo, fainali ya Olimpiki ya mita 5,000 ilimpa usiku wa aina yake. Alikabana na Tsegay walipokuwa wakigombea nafasi ya kupita, akamaliza wa pili nyuma ya Mkenya mwenzake Beatrice Chebet, kisha akatangazwa kuwa amepokonywa nafasi hiyo. Kenya ilikata rufaa, na saa chache baadaye akarejeshewa fedha yake. Siku tano baada ya hapo, Agosti 10, alishinda mita 1,500 kwa dakika 3:51.29, rekodi nyingine ya Olimpiki.

Uzito wa ushindi huo hubainika ukitazama waliomtangulia. Tatyana Kazankina wa Muungano wa Kisovieti alishinda mita 1,500 mwaka 1976 na 1980. Sebastian Coe wa Uingereza alishinda kwa wanaume mwaka 1980 na 1984. Hakuna, mume wala mke, aliyewahi kufikisha mara tatu mfululizo.

Juni 26, 2025, kampuni ya Nike ilimwandalia jaribio la kukimbia maili moja chini ya dakika nne katika uwanja wa Charléty, Paris. Alisaidiwa na kikosi cha wakimbiaji wa kumkinga upepo, wanaume kwa wanawake, mpangilio usioruhusiwa na kanuni za rekodi. Alikosa lengo kwa zaidi ya sekunde sita. Waliolicheka jaribio hilo walikuwa na haraka: Julai 5, mjini Eugene, katika mbio halali, alishusha rekodi ya mita 1,500 hadi dakika 3:48.68.

Rekodi moja ilimponyoka kwa chini ya sekunde moja. Agosti 16, 2025, nchini Poland, alikimbia mita 3,000 kwa dakika 8:07.04. Wang Junxia wa China alikimbia dakika 8:06.11 mnamo Septemba 1993, katika mashindano yale yale ya Beijing yaliyompa Qu rekodi yake. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na Wang pamoja na wenzake, ikieleza kwamba walilazimishwa kutumia dawa za kusisimua misuli. Rekodi hiyo haikufutwa, na ndiyo iliyokuwa mbele ya Kipyegon jioni hiyo.

Mwezi uliofuata alirejea Tokyo kwa Riadha za Dunia. Alitwaa taji lake la nne la mita 1,500 kwa dakika 3:52.15, Mkenya Dorcus Ewoi akiwa wa pili na Jessica Hull wa Australia wa tatu. Siku nne baadaye, katika mita 5,000, Chebet alimpita tena katika mita za mwisho, kwa tofauti ya chini ya sekunde moja.