Kariakoo, Mtaa wa Waendao kwa Miguu

Jina la Kariakoo ni jina la Kiingereza lililovaa kanzu. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, walikuta magharibi ya mji ardhi ambayo Wajerumani walikuwa wameinunua katika shamba la Schoeller na kuipima viwanja, na juu yake jengo la soko ambalo lilikuwa halijaanza kazi yake. Hapo wakaweka kambi ya wapagazi. Watu hao, waliokusanywa kutoka kila pembe ya Afrika ya Mashariki, walichukua risasi na unga vichwani na mabegani, wakafa kwa makumi ya maelfu, na wengi katika hao waliuawa na maradhi, si na adui. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yamwonyesha mwenye bunduki. Mwenye mzigo aliachiwa jina la mtaa.

Nalianza na jina hili kwa sababu historia yote ya Kariakoo, kwa maoni yangu, ni historia ya watu waendao kwa miguu. Mji ulikuwa umegawanywa na watawala katika maeneo matatu: la Wazungu pwani ya kaskazini; la biashara, walikokaa Wahindi wengi, nyuma ya bandari; na la Waafrika, ambalo moyo wake ulikuwa Kariakoo. Baina ya la pili na la tatu uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Sheria haikutaja rangi ya mtu waziwazi. Ilitaja namna ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa, na namna ya nyumba ilitosha kumchagua mkaaji. Lakini bandari, reli, maduka na majumba ya wakubwa vyote vilitaka mikono, na mikono hiyo ilivuka Mnazi Mmoja kila alfajiri na kurudi kila magharibi bila ya kulipa nauli.

Nyumba iliyowafaa watu hao ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Kila msomaji aliyekaa pwani aijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani jiko, choo na kisima au bomba. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyosalia alipangisha. Mpangaji aliyetoka bara bila jamaa aliingia humo akawa na mahali pa kulala, jirani wa kumwuguza, na watu wa kumzika. J. A. K. Leslie, ofisa aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, aliielewa vyema nyumba hii kuliko wengi wa wapima ramani waliomtangulia na waliomfuata. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilipata wakazi 128,742 katika mji mzima. Kwa mji wa kadiri hiyo, mtu wa Kariakoo aliweza kufika kwa miguu popote palipokuwa na kazi. Na siasa nayo ilikwenda kwa miguu, maana nyumba ya African Association, iliyozaliwa upya kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa katika New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba.

Baada ya uhuru, mtaa ulipita salama katika jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majumba iliyashika majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Nyumba za udongo na bati za Kariakoo hazikufika kiasi hicho, na kwa hiyo zilibaki mikononi mwa wenyewe: wazee, wajane, na watoto wa wazee. Unyonge wa nyumba ndio uliokuwa ngao yake. Soko jipya, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, likasimama katika miaka ya 1970 mahali pa lile la kale.

Ngao hiyo iliondoka biashara ilipofunguliwa. Kuanzia miaka ya 1980 ya mwisho, kiwanja kilichokuwa na vyumba sita kikaanza kuonekana kuwa kiwanja cha fremu za maduka, na fremu moja ikaweza kudai kilemba ambacho mpangaji wa chumba hangekipata kwa miaka. Wenye nyumba waliuza, au waliingia ubia na mwenye fedha: wao watoe ardhi, yeye ajenge ghorofa, wagawane. Warithi walipokuwa wengi, dalali alikuwa mwepesi kuliko kadhi. Kisha, mwaka 2005, sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba, ambayo mizizi yake ilikuwa katika siku za Waingereza, ikafutwa. Kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo ikawa desturi. Pupa ya kujenga na kupanua ilikuwa na gharama ya namna nyingine pia: tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu ishirini wakafa chini yake.

Ni juu ya msingi huu ndipo yalipokuja mabasi yaendayo haraka. Njia ya kwanza, ya kilomita 20.9, ilianza kazi mwezi wa Mei 2016 kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na tawi moja likashuka Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, likipasua ubavu wa Kariakoo. Haitakuwa haki kuyatwisha mabasi haya lawama ya ghorofa zilizoota kabla yake. Tena aliyewahi kusimama kwa mguu mmoja katika daladala kutoka Kimara, kabla ya njia hiyo, hawezi kuyadharau. Jiji lilitunukiwa kwa ajili yake tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018, na nadhani lilistahili, ijapokuwa karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha kuwafukuza watu kwa mafuriko ya Desemba 2011, nao ukayafuata mabasi vilevile.

Lakini lipo jambo moja ambalo njia hii imelifanya, na ambalo silioni likiandikwa. Ukaribu ulikuwa mali ya pekee ya mpangaji wa Kariakoo. Hakuwa na kiwanja wala hati. Alikuwa na mwendo wa dakika ishirini hadi kazini. Ilimradi mji haukuwa na usafiri wa kutegemewa, tajiri wa kazi alihitaji mchukuzi, mpishi na mfagiaji wake wakae karibu, na mtaa ukavumiliwa kwa sababu hiyo. Basi liendalo haraka limelikata hitaji hilo. Sasa mtu aweza kuondolewa chumbani mwake na kuambiwa, bila ya aibu, kwamba hakupoteza kitu, kwani akienda Kimara au Mbezi basi litamrudisha. Lamrudisha kweli, ila alilokuwa akilipata bure sasa alilinunua mara mbili kila siku, na asubuhi yake huliwa na foleni ya kituoni. Thamani ya ukaribu haikupotea. Imehama kutoka miguuni mwa mpangaji ikaingia katika bei ya kiwanja.

Na fidia haiufuati mguu. Ardhi inapotwaliwa kwa barabara, mthamini huandika mwenye kiwanja, kuta, miti. Katika nyumba ya vyumba sita jina moja huingia daftarini, na waliobaki hufunga magodoro yao.

Kwamba hili si amri ya maumbile, Magomeni yashuhudia. Huko, kando ya barabara ileile, wapangaji wa nyumba za halmashauri zilizoitwa Magomeni Kota waliondolewa na nyumba zao zikavunjwa. Na baada ya miaka mingi ya kupanga kwingineko, mwezi wa Machi 2022 ghorofa mpya zilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwa ajili ya familia zilezile, 644 kwa hesabu. Walingoja kuliko inavyopasa, lakini walirudi. Hawakuwa na hati kuwashinda wapangaji wa Kariakoo. Walikuwa na orodha. Mwenye nyumba wao alikuwa ofisi, na ofisi huandika majina.

Njia ya pili ya mabasi imekwisha kujengwa kwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, na ya tatu yaelekea Gongo la Mboto. Huko ndiko walikokwenda wengi walioshindwa na kodi ya mjini, wakajenga au wakapanga katika nyumba za vyumba sita, zenye baraza mbele na choo uani; na kando ya vituo vipya madalali wamekwisha kuanza kuuliza ni nani mwenye kiwanja.