Kaburi la Mathari na Vita vya Huruma

Nje kidogo ya mji wa Nyeri, upande wa Mathari, lipo kanisa la kumbukumbu la Waitalia. Ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya wanajeshi zaidi ya 600, na pamoja nao amelazwa Amedeo wa Aosta, mtu wa ukoo wa kifalme aliyetawala Afrika Mashariki ya Kiitalia hadi aliposalimu amri Amba Alagi, Mei 1941. Alifia Nairobi akiwa mateka, tarehe 3 Machi 1942. Watalii wengi hukimbilia kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, wakapiga picha, wakaenda zao. Kwangu mimi la Mathari ndilo lenye habari nzito zaidi, maana aliyelala humo aliitawala Ethiopia, nchi iliyotekwa kwa jina la huruma.

Majeshi ya Mussolini yalipovuka mpaka wa Ethiopia, Oktoba 1935, Roma ilidai inakwenda kuwakomboa watumwa. Haukuwa uongo mtupu, na hapo ndipo penye ugumu. Utumwa ulikuwapo, Ethiopia yenyewe iliahidi kuukomesha ilipojiunga na Ushirika wa Mataifa mwaka 1923. Jenerali De Bono alipoingia Tigray alitangaza kwamba watumwa wako huru. Haukupita muda, ndege za Italia zikaanza kumwaga gesi ya haradali juu ya watu na mifugo. Februari 1937, baada ya Graziani, mtawala wa Kiitalia, kunusurika kuuawa, raia kwa maelfu walichinjwa Addis Ababa.

Waliokimbia walifika hadi upande huu wa Mlima Kenya. Kambi ya wakimbizi wa Kihabeshi ilifunguliwa Isiolo, kabla ya kuhamishiwa Taveta, kwa hiyo serikali ya kikoloni haikuweza kusema haikujua. Lakini Uingereza na Ufaransa zilikuwa tayari zimezuia silaha kwa pande zote mbili, kana kwamba apigaye na apigwaye ni mamoja. Mafuta hayakuzuiwa. Mfereji wa Suez, uliolindwa na Waingereza, ulibaki wazi, na meli za askari wa Italia zikapita zikilipa ada. Mfalme Haile Selassie alipohutubia Ushirika wa Mataifa, Geneva, Juni 1936, hakuwa akitafuta wanajeshi wa kigeni wa kumpigania. Alidai ahadi zitimizwe, na ombi la mkopo likakataliwa. Ndiyo maana mjadala wa kama taifa kubwa litume jeshi au lisitume hunichosha kidogo: huanzia mwisho wa hadithi, mfereji ukiwa umeshaachwa wazi.

Najua nitajibiwa kwa Rwanda. Ni jibu zito. Aprili 1994 Umoja wa Mataifa uliondoa sehemu kubwa ya askari wake wakati mauaji yakiendelea, na sina ujasiri wa kumwambia aliyenusurika kwamba jeshi la wageni lisingefaa kitu.

Ethiopia nayo iliokolewa, ila baada ya Italia kutangaza vita dhidi ya Uingereza yenyewe, Juni 1940. Jenerali Cunningham alitoka Kenya na askari wa Afrika Kusini, Nigeria, Gold Coast na Keya (jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), wakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Mfalme alirejea kutoka uhamishoni mwezi uliofuata, akiwakuta wazalendo waliokuwa wamepigana milimani miaka mitano bila kumngoja mtu. Mwokozi hakuharakisha kuondoka: Ogaden ilibaki mikononi mwa Waingereza hadi 1948.

Mateka wa Kiitalia waliletwa kwa maelfu Kenya. Katika kambi namba 354, Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka Januari 1943 ili tu wapande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Wawili walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao. Wakahukumiwa siku 28 za kifungo. Mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7, kwa kuuheshimu uanamichezo wao.

Miaka kumi baadaye, chini ya mlima uleule, hapakuwa na uanamichezo. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na vikosi vikaletwa kutoka Uingereza kwa hoja ya kuwalinda Wakikuyu dhidi ya ukatili wa Mau Mau. Napo palikuwa na chembe ya ukweli. Aliyeyafahamu mauaji ya Lari ya Machi 1953 hawezi kubisha. Ila kinga yenyewe ilikuwa kuwaswaga watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vya lazima, vingi vikizungushiwa mitaro yenye miti iliyochongwa, iliyochimbwa na wanawake kwa kazi ya shuruti. Waliokamatwa msituni hawakuhesabiwa kuwa mateka wa vita. Waruhiu Itote, aliyeipigania Uingereza huko Burma, alishtakiwa Nyeri mwaka 1954 kama mhalifu na kuhukumiwa kifo, ingawa hakunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa mjini humohumo mwaka 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa, ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wengi wa waliochimba mitaro walikuwa wameshazikwa.