Kijiko ni Mwanamume, Uma ni Mwanamke

Mezani kwa Mjerumani kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Cha kiume, cha kike, na kisicho upande wowote. Vyombo vitatu, droo moja, na hakuna atakayekuambia kwa nini.

Siku hizi hili si swali la wasomi tu. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi kule Berlin, na madarasa ya Kijerumani yakazidi kuwa gumzo. Ukitaka kwenda kulea watoto wa watu kama au pair, unahitaji A1. Ukitaka uuguzi, mlima ni B1 au B2. Kuna watu wanalipia hayo masomo kwa pesa ya chama, kuna wengine mzazi ameuza ng'ombe. Halafu mtu anafika darasani anaambiwa: usiulize, kariri.

Kwa mtihani, huo ni ushauri mzuri. Lakini swali limeulizwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle anasema ni Protagoras aliyegawa nomino za Kigiriki mara tatu: za kiume, za kike, na za vitu. Warumi wakaiita genus, yaani aina. Aina tu, basi. Mtoto wa darasa la nne aliyekaririshwa A-WA, KI-VI na LI-YA anajua hiyo kitu ni nini. Ni ngeli.

Shida ilikuja watu walipoanza kuamini kwamba vitu vina jinsia kweli. Jacob Grimm, ndiyo, yule wa hadithi za watoto, alikuwa pia mwanaisimu mkubwa. Mwaka 1831, katika juzuu ya tatu ya Deutsche Grammatik, alieleza kwamba watu wa kale waliutazama ulimwengu kwa macho ya ubunifu: kikubwa, kigumu na chenye kutenda kikawa cha kiume, kidogo, laini na chenye kupokea kikawa cha kike. Inapendeza, mpaka ukumbuke ile droo. Kijiko kina ubabe gani ambao uma hauna?

Baadaye karne hiyohiyo Karl Brugmann akaigeuza hadithi juu chini. Alisema kiambishi kilitangulia. Kulikuwa na mwisho wa neno, -ā, uliotumika kwa mambo yasiyoshikika na kwa makundi ya vitu. Maneno machache ya wanawake yakatokea kuwa na mwisho huohuo, na polepole watu wakauhusisha na wanawake. Kisha mwaka 1915 Bedřich Hrozný akafanikiwa kusoma Kihiti, lugha iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo huko Uturuki, ndugu wa kale sana wa Kijerumani. Kihiti kina aina mbili tu: moja hasa ya vyenye uhai, nyingine ya visivyo na uhai. Ya kike haipo. Wataalamu wengi leo wanaona ile ya kike ilizaliwa baadaye. Yaani die alifika sherehe ikiwa imeshaanza.

Sasa hivi vineno vyenyewe. Miaka kama 1,200 iliyopita, Mjerumani alisema hano kwa jogoo, zunga kwa ulimi, herza kwa moyo. Sikiliza mwisho wa maneno: tofauti ilikuwa inasikika. Der, diu na daz vilikuwa viashiria, kama huyu na yule, vilivyoanza kuzoeleka mbele ya nomino. Lakini Wajerumani hutia mkazo mwanzoni mwa neno, na miisho ikaanza kumezwa. Ikawa hane, zunge, herze. Zote -e! Kazi ya kutambulisha aina ikaangukia kile kineno cha mbele. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nairobi anayelia na der, die, das anabeba mzigo wa silabi zilizomezwa na watu waliokufa zamani.

Mwaka 1880 Mark Twain alilalamika kwamba kwa Kijerumani msichana hana jinsia ilhali mboga inayo. Das Mädchen: kiambishi -chen ni cha udogo, na chochote kinachokibeba huwa das. Umbo limeshinda maana. Kwetu maana ndiyo hushinda: kifaru kinafanana na kiti, lakini kifaru amelala, hakijalala. Na sheng nayo imeamua haina muda na mambo haya. Viatu zangu, gari imekwama, maisha inaendelea.

Kuna Mjerumani mmoja aliyezitazama aina zote mbili kwa pamoja. Wilhelm Bleek aliandika tasnifu yake Bonn mwaka 1851 kuhusu aina za nomino katika lugha za Afrika. Jina "Bantu" tunalolitumia kwa lugha zetu lilisambazwa na yeye, na namba za ngeli zilianzia kwake. Kazi kubwa, sikatai. Lakini huyohuyo alishikilia kwamba lugha zinazovipa vitu jinsia ndizo humwamshia msemaji ubunifu, zikampa ngano za miungu na ushairi, na kwamba lugha kama zetu zilikosa mbegu hiyo. Alikuwa akiyasema haya wakati Utendi wa Tambuka, wenye maelfu ya mistari, umeshakuwepo Pwani tangu 1728. Carl Meinhof wa Hamburg akalisukuma wazo hilo mbali zaidi mwaka 1912 katika kitabu chake juu ya "Wahamiti", akichanganya sarufi na rangi ya ngozi. Ilichukua mpaka Joseph Greenberg, katikati ya karne ya 20, kulivunja kundi hilo la lugha. Der, die, das, ambavyo Mjerumani wa kawaida hawezi kukueleza, viligeuzwa cheti cha akili.

Maneno yenyewe huvuka mipaka bila kujali. Safari yetu ilipofika kwao ilipewa die. Kilimandscharo ni der, kama milima mingi. E-Mail ni die kwa Wajerumani wengi, das kwa Waustria na Waswisi wengi, na hakuna aliyefeli maisha. Kutoka kwao sisi tulichukua die Schule tukapata shule. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaleta Tanganyika sarafu ya der Heller, mia moja kwa rupia. Ilishuka ikiwa ya kiume. Waswahili wakaiita hela, wakaiweka I-ZI na shule.